Aliyenyimwa Haki Yake Afanye Nini?

Kuna swali ambalo watu wa kila nchi huliuliza, mijini na vijijini: mtu akinyimwa haki yake kwa kosa la mwenzake, na kitu kilichopotea hakiwezi kurudishwa tena, afanye nini? Akinyamaza, je, si kama kusema kwamba haki haina maana? Akikasirika na kulipiza kisasi, je, atakipata kile alichopoteza? Na yule aliyekosa, atawezaje kuwatazama watu usoni?

Swali hili huzidi ugumu pale ambapo mkosaji si mwizi wala mwongo. Mwizi hukamatwa, hushitakiwa, hulipishwa. Lakini itakuwaje kwa hakimu mwaminifu aliyeona vibaya? Itakuwaje kwa mtu asomaye mizani, ambaye kwa kuchoka macho anaandika kilo 28 badala ya 30, na mwenye kahawa amekwisha kulipwa, na kahawa imekwisha kuchanganywa na ya wengine? Hapa hakuna adui, lakini hasara ipo.

Ili kulijibu vema, inafaa kutazama jambo moja lililotokea kweli nchini Marekani mwaka 2010, katika mchezo uitwao besiboli. Aliyenyimwa haki ni Armando Galarraga, mrushaji wa mpira. Aliyekosa ni Jim Joyce, mwamuzi. Labda mtu atasema: mchezo ni mchezo tu, una mafundisho gani kwa watu wazima? Lakini kwa Galarraga haukuwa mchezo wa watoto watokao shuleni. Ulikuwa kazi yake, mshahara wake na jina lake mbele ya watu.

1. Kazi ya mrushaji

Besiboli haifanani na mpira wa miguu. Mpira wake ni mdogo na mgumu, unaenea katika kiganja cha mkono. Mrushaji husimama katikati ya uwanja, na mbele yake, umbali wa mita 18 na nusu hivi, husimama mpigaji mwenye gongo la mti. Mrushaji hutupa mpira kwa nguvu na kwa werevu ili mpigaji akose kuupiga. Mpigaji naye hutaka kuupiga vema, apate nafasi ya kukimbia mpaka kituo cha kwanza, kilicho mita 27 hivi mbali naye. Wenzake mrushaji wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, mpigaji ametolewa. Wakiufikisha mpira kituoni kabla yake, ametolewa pia. Bali akitangulia yeye, yu salama, na atabaki kituoni. Karibu na kituo husimama mwamuzi. Yeye ndiye anayesema: ametolewa, au yu salama. Neno lake ndilo linaloandikwa kitabuni.

Kila timu hupewa zamu 9 za kupiga, na kila zamu hukoma watu 3 wanapotolewa. Kwa hiyo mrushaji na wenzake hupaswa kuwatoa watu 27. Ikitokea kwamba wote 27 wametolewa, asifike hata mmoja kituoni, huo huitwa mchezo mkamilifu. Ni jambo la nadra mno. Tangu lilipofanyika mara ya kwanza mwaka 1880 hadi mwanzo wa Juni 2010, katika maelfu na maelfu ya michezo ya ligi kuu, lilihesabiwa mara 20 tu. Warushaji wengi wenye sifa kubwa waliumaliza muda wao wa kazi bila kulipata hata mara moja.

Galarraga hakuwa mmoja wa hao wenye sifa kubwa. Alizaliwa mwaka 1982 huko Cumaná, nchi ya Venezuela. Mwaka 1998, akiwa kijana wa miaka 16, aliandikishwa na timu ya Montreal, nchi ya Kanada. Kisha akatumika miaka mingi katika timu ndogo, mahali ambapo vijana hufundishwa na kupimwa, na wengi wao hurudi kwao bila kuukanyaga uwanja mkubwa. Aliingia ligi kuu Septemba 2007, katika timu ya Texas. Mwaka 2008 akahamia Detroit, akafanya kazi njema: alishinda michezo 13, akashindwa 7. Mwaka uliofuata mambo hayakumwendea vema. Mwaka 2010 ulipoanza alikuwa amerudishwa tena katika timu ndogo, naye aliitwa upya mwezi wa Mei. Basi alikuwa mfanyakazi wa kawaida, asiyejua kama kesho ataitwa au ataachwa.

2. Siku ya 2 Juni 2010

Siku hiyo Detroit ilicheza nyumbani na timu ya Cleveland. Galarraga alimtoa mpigaji wa kwanza, na wa pili, na wa kumi, na wa ishirini. Hakuna aliyefika kituoni. Katika zamu ya mwisho mpigaji mmoja aliupiga mpira mbali sana. Kijana Austin Jackson aliukimbilia, mgongo wake ukiwaelekea wenzake, akaudaka karibu kabisa na mwisho wa uwanja. Aliyefuata akatolewa pia. Wakawa 26. Watu wote walikuwa wamesimama, kwa maana tangu timu ya Detroit ilipoingia ligi kuu mwaka 1901, hakuna mrushaji wake aliyewahi kutimiza mchezo mkamilifu.

Mpigaji wa 27 alikuwa Jason Donald. Aliupiga mpira, ukabiringika chini upande wa kuume. Miguel Cabrera akauokota. Galarraga mwenyewe akakimbilia kituo cha kwanza, akarushiwa mpira, akaudaka, akakanyaga kituo. Donald alikuwa bado nyuma kwa hatua moja. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Jim Joyce, aliyekuwa mwamuzi wa kituo hicho, alinyosha mikono yake pande mbili. Maana yake: yu salama.

Galarraga alimtazama mwamuzi, akatabasamu. Hakumtukana wala hakutupa kitu chini kwa hasira. Wenzake walimwendea Joyce wakimlalamikia kwa sauti, pamoja na mkuu wa timu, mzee Jim Leyland. Galarraga alirudi mahali pake, akamrushia mpira mpigaji wa 28, naye akatolewa. Mchezo ukaisha, Detroit ikashinda 3 kwa 0. Lakini kitabuni mchezo mkamilifu haukuandikwa.

Baada ya mchezo Joyce aliomba kuonyeshwa picha za jambo lile. Akaona kosa lake waziwazi. Hakusema jua lilimpiga machoni, wala hakusema watu walipiga kelele. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba amekosa, na kwamba amemnyima kijana yule mchezo mkamilifu. Kisha akataka kumwona Galarraga. Alimwomba radhi huku analia, na Galarraga akamkumbatia. Galarraga naye, alipoulizwa, alijibu kwamba hakuna binadamu aliye mkamilifu.

Kesho yake timu zile zilicheza tena, na zamu ya Joyce ilikuwa kuwa mwamuzi mkuu. Wakuu walimruhusu asije, kwa kuwa watu wengi walikuwa wamemtukana vikali. Lakini yeye alikuja kazini. Ni desturi kwamba kabla ya kuanza, kila timu hupeleka kwa mwamuzi karatasi ya majina ya wachezaji, na kwa kawaida mkuu wa timu au msaidizi wake ndiye huipeleka. Siku hiyo Leyland alimtuma Galarraga. Joyce aliipokea karatasi ile mkononi mwake huku akifuta machozi.

3. Kosa si uongo, lakini linaweza kugeuka kuwa uongo

Katika habari hii ni lazima kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu wenye hasira huyachanganya. Kukosa ni kusema lisilo kweli ukidhani ni kweli. Kudanganya ni kusema lisilo kweli ukijua si kweli. Joyce alikuwa mwamuzi wa ligi kuu kwa zaidi ya miaka 20. Alitamka alichodhani amekiona, wala hakupendelea upande wowote. Kwa hiyo pale kituoni alikosa, lakini dhamiri yake haikuwa na hatia ya udanganyifu.

Hatari yenyewe ilikuja baadaye, alipokuwa chumbani amekwisha kuona picha. Hapo alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema: mimi ndimi mwamuzi, neno langu limekwisha kuandikwa, msiniulize zaidi. Kama angesema hivyo, kosa la macho lingegeuka kuwa kosa la moyo. Watu wengi wenye cheo huanguka hapa. Hakimu, mzee wa baraza, mwalimu, baba wa nyumba: kila mmoja huogopa kwamba akikiri kosa lake heshima yake itapungua. Lakini cheo hakina uwezo wa kugeuza kosa liwe haki. Na kwa kweli heshima ya Joyce haikupungua. Wachezaji waliendelea kumheshimu, kwa sababu walijua kwamba mtu huyu akiona amekosa, atasema.

Basi wajibu wa mkosaji ni huu: autafute ukweli mara moja, auseme bila udhuru, na amwendee yule aliyepata hasara. Asingoje aitwe. Asiseme tu mbele ya watu wengi huku akimkwepa mtu mwenyewe.

4. Je, haki ilitimia?

Mkuu wa ligi, Bud Selig, hakulibadili neno la mwamuzi. Mkuu wa jimbo la Michigan, mama Jennifer Granholm, alitoa tangazo la kusema kwamba mchezo ule ulikuwa mkamilifu, lakini tangazo la serikali halina nguvu juu ya kitabu cha ligi. Galarraga alipewa pia gari jipya la thamani kubwa. Lakini gari si mchezo mkamilifu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wenye kumtetea mkuu wa ligi walisema: kama neno la mwamuzi litavunjwa baada ya mchezo, mchezo gani utakwisha? Kila aliyeshindwa atadai hesabu ifanywe upya. Neno hili lina uzito, kwani hata barazani shauri lililokatwa haliwezi kufunguliwa kila asubuhi. Wenye kumtetea Galarraga walijibu: shauri hili si kama mengine. Mwamuzi mwenyewe amekiri, picha zinaonyesha, na mpigaji aliyefuata alitolewa, hata mwisho wa mchezo haubadiliki kwa lolote. Kwa nini basi kitabu kiendelee kusema lisilo kweli? Neno hili nalo lina uzito, na mtu mwenye akili hatalidharau.

Kwa hiyo ni lazima kusema bila kuficha: haki ya kitabu haikutimia. Si vema kumfariji aliyenyimwa kwa kumwambia kwamba hakupoteza kitu. Mwenye kahawa aliyelipwa kilo 28 ana watoto wa kulisha, na kilo 2 si bure. Galarraga alipoteza kitu ambacho hutafutwa na maelfu ya warushaji na hupatikana na wachache tu.

Hata hivyo, kuna jambo la pili. Tendo ni kitu kimoja, na hesabu ya tendo ni kitu kingine. Hesabu imo mikononi mwa watu, nao huona vibaya, husahau, huchoka. Tendo likiisha kutendwa, hakuna mtu awezaye kulifanya lisiwe limetendwa. Siku ile wapigaji 27 walishindwa mbele ya Galarraga. Hilo lilikuwa kweli kabla Joyce hajanyosha mikono, likabaki kuwa kweli baadaye. Mtu anayejua tofauti hii anaweza kuidai hesabu yake kwa nguvu, bila kuona kwamba maisha yake yote yamevunjika hesabu ile isipotoka. Asiyeijua huwa mtumwa wa kalamu ya mwandishi.

5. Mambo matatu ambayo watu huuliza juu ya msamaha

Mtu akiuliza: kusamehe hivi si udhaifu? Jibu ni hapana. Mtu dhaifu hunyamaza kwa sababu ya woga, kisha moyo wake hubaki na uchungu, na kazi yake huharibika. Galarraga alirudi mahali pake akaimaliza kazi. Hata kabla Joyce hajajua kwamba amekosa, na kabla ya kuombwa radhi, alikuwa amekwisha kukataa kumchukia. Kuuzuia ulimi wakati ule, mbele ya watu zaidi ya 17,000 waliokuwa wakipiga kelele kwa ajili yake, ni kazi ya mtu mwenye nguvu.

Mtu akiuliza tena: aliyesamehe, je, ameacha haki yake? Jibu ni hapana. Mwaka 2020, miaka 10 ilipokwisha kupita, Galarraga alieleza hadharani kwamba angependa wakuu wa ligi wautambue mchezo ule kuwa mkamilifu. Watu wengine walishangaa, wakidhani kwamba msamaha wake ulikuwa umekwisha. Hawakuelewa. Msamaha humhusu mtu, na ukweli hulihusu jambo. Mtu anaweza kumkumbatia aliyemkosea, na bado akasema: kitabu hiki kimeandikwa vibaya, kisahihishwe. Hakuna ubishi kati ya maneno hayo mawili. Galarraga na Joyce walitoa hata kitabu pamoja mwaka 2011, nao hawakuficha ndani yake kwamba kosa lilikuwa kosa.

Mtu akiuliza mara ya tatu: kusamehe si kuacha makosa yaendelee? Jibu ni hapana. Wakati ule picha zilitumiwa na waamuzi katika mambo machache tu. Tangu mwaka 2014 sheria iliongezwa, hata neno la mwamuzi juu ya mtu aliyefika kituoni liweze kuchunguzwa kwa picha kabla mchezo haujaendelea. Mwenye busara humsamehe msoma mizani, kisha hutaka mizani isomwe na watu wawili. Msamaha usioijali njia ya kuzuia hasara nyingine haukukamilika, na sheria mpya isiyo na msamaha huacha watu wakiwa maadui.

6. Mwisho wa habari

Wapenda hadithi wangetaka kusikia kwamba Galarraga alilipwa baadaye kwa ushindi mwingi. Haikuwa hivyo. Mwaka 2011 alichezea timu ya Arizona, na mwaka 2012 timu ya Houston, na huo ukawa mwaka wake wa mwisho katika ligi kuu. Mwaka 2015 aliacha kazi ya kurusha mpira. Hesabu yake yote katika ligi kuu ni michezo 26 aliyoshinda na 34 aliyoshindwa. Joyce naye aliacha uamuzi baada ya mwaka 2016. Hadi mwisho wa mwaka 2023 kitabu cha ligi kilikuwa na michezo mikamilifu 24, na jina la Galarraga halikuwamo.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili. Aliyenyimwa haki yake kwa kosa la mwenzake amalize kwanza kazi iliyo mikononi mwake. Aupokee ukweli wa mkosaji anayekiri, asimfanye kuwa mwizi ikiwa hakuiba. Aendelee kuidai hesabu ya kweli kwa njia ya halali, na asaidie kuziba mahali palipovuja. Wala asijidanganye kwamba akitenda hayo yote hakika atarudishiwa kilichopotea. Pengine hatarudishiwa. Lakini watu wawili, ambao wangeweza kukimbiana mpaka kufa, watakuwa wamebaki wakitazamana bila aibu, na hilo halingepatikana kwa kisasi wala kwa gari jipya.

Maulizo

1. Kuna tofauti gani kati ya kukosa na kudanganya? Kosa hugeuka lini kuwa uongo?

2. Kama ungekuwa mkuu wa ligi, ungelibadili neno la mwamuzi? Toa sababu, ukikumbuka maneno ya pande zote mbili.

3. Mtu aliyesamehe anaweza kuendelea kudai ukweli uandikwe? Eleza kwa mfano wa kijijini.